Sekretere Aliyetuhamisha

Jina lake ninalijua. Ninalijua la kwake, la baba yake, la ubatizo, na lile la utani ambalo wanafunzi walimwita akishageuka mgongo. Sitaliandika. Mtu aliyechezea majina ya wenzake miaka yote hiyo, naye akae kidogo bila jina, aone vile baridi inavyoingia. Hapa Kasenga, mtaa wa Uvira, mpaka kule Kimanga, ukisema Sekretere kila mtu anajua ni nani, maana hakuna komite iliyowahi kukaa hapa bila yeye kuwa sekretere wake. Aliandikia shule, akaandikia kanisa, akaandikia wavuvi, akaandikia misiba. Mafuriko yalipobomoa nyumba za kando ya mto, kabla hata matope hayajakauka, alikuwa ameshakuwa sekretere wa watu wa mafuriko. Sikumbuki siku aliyochaguliwa. Nakumbuka siku aliyokuja na kiti chake.

Veste yake ni ya kahawia, moja, na ameivaa tangu binti yangu Neema hajaolewa. Sasa Neema ana wajukuu wawili. Mfukoni kuna biki nne: ya bluu, nyeusi, nyekundu, na ya nne haiandiki. Nilimuuliza siku moja ile ya nne ni ya nini.

“Ya kuazima watu,” akasema.

Shingoni, fasi ambapo wengine wanavaa msalaba, yeye amevaa ile kle ndogo ya ordinatere, kidude kinachobeba maandishi ya kompyuta, kwa kamba ya kiatu. Anasema wote tumo humo ndani, mtaa mzima. Akiinama kula fufu anaitupa begani kwanza, tusiingie kwenye mboga ya sombe.

Ordinatere yenyewe aliachiwa na watu wa shirika fulani walipofunga ofisi yao. Siku ile alitembea nayo kutoka mjini mpaka kwake kwa miguu, ameikumbatia kama mzee aliyepata mtoto wa mwisho, na moto, pikipiki za abiria, zilizosimama kumpakia akazikataa: barabara ina mashimo, akasema, mashini inaweza kusahau. Kabla ya hapo alikuwa na registre kubwa ya jalada jekundu, na msemo wake ulikuwa, “Karatasi haina ndugu.” Mashini ilipofika, akasema, “Mashini haina ndugu.” Neno moja tu ndilo lililobadilika. Kama kesho ataletewa mbuzi wa kuandika, atatuambia mbuzi hana ndugu.

Kwake R na L ni mapacha, humvalisha mmoja nguo za mwenzake. Mariamu anakuwa Maliamu, Rehema anakuwa Lehema. Alipokuwa akiandika watoto wa shule, mama mmoja jirani yangu alimpeleka mwanawe aitwaye Bahati. Siku hiyo R ikaingia hata fasi ya T: Sekretere aliandika Bahari. Yule mama akaona, akasema, “Sekretere, mutoto ni Bahati.” Yeye akatazama registre, akamtazama mtoto, akatazama registre tena, kama anayelinganisha nani mwenye haki. “Nimeshaandika na biki,” akasema. Mtoto yule sasa ni mwanaume wa ndevu, diplome yake ni ya Bahari, na kazini wanamuuliza kama kwao ni wavuvi.

Lakini nisiseme ni mtu mbaya. Ningesema hivyo kazi yangu ingekuwa nyepesi. Senti ya mtu hajawahi kula. Kwenye msiba anafika wa kwanza, anapanga viti, na akiimba besi kwenye wimbo wa mwisho machozi yanashuka mpaka kwenye biki. Mwaka ule wa kolera alibeba wagonjwa mgongoni, na veste ile ile. Mtu ukimpata amelala chini, Sekretere atambeba. Ukimleta mtu huyo huyo kwenye liste, hamjui.

Sasa niseme mambo ya liste.

Mvua iliyobomoa nyumba iliacha familia nyingi chini ya bashi, maturubai ya msaada. Mmoja wao ni Mama Nabintu, mdogo wangu kwa urafiki, si kwa damu, ambaye nyumba yake ilikwenda ziwani na kitanda chake, na masufuria, na mlango mpya aliokuwa hajaupaka rangi. Nikamchukua kwangu. Baadaye shirika likasema litawapa watu parsele, viwanja vya kujenga, kule juu, mbali na maji. Ilitakiwa liste ya nyumba zilizobomoka. Sekretere akaja kwangu, maana anajua minye nakumbuka kila jina, na la waliokufa.

Tukatembea siku tatu. Mimi nasonta kidole, yeye anaandika.

“Hapa?”

“Hapa ni kwa Kashindi, fundi wa baiskeli.”

“Hapa?”

“Kwa Mama Riziki.”

“Hapa?”

“Hapo ni kwa Mama Nabintu. Iko tope sasa, lakini ni kwake.”

Akaandika Mama Nabintu. Sehemu yangu ya kosa iko hapo, nami sitaificha. Kwetu mwanaume anabaki na jina lake mpaka kaburini. Mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa sandukuni pamoja na nguo za harusi; tunamwita kwa mtoto. Sikumwambia Sekretere majina yaliyo sandukuni, kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na kwa sababu nani anasema hivyo njiani?

Kisha ikafika siku ya kuchota vikaratasi. Kila mmoja alikuja na karte yake ya kura, kadi ya mpiga kura, akatia mkono kwenye kikapu, akatoa karatasi ya bloki na namba. Mama Nabintu alitoa Bloki C, namba kumi na nne. Alirudi nyumbani anaisema kama anayesoma mstari wa Biblia. Vikaratasi vilirudishwa, na Sekretere akaandika liste ya pili, ile ya bloki, kwa majina ya karte. Na kwenye karte Mama Nabintu ni Zihindula Mapendo. Liste mbili, mtu mmoja, majina mawili.

Sekretere alinieleza vile mashini inavyofanya, na alieleza vizuri, ni mwalimu akitaka. Inachukua jina kwenye liste ya kwanza, inakwenda kwenye liste ya pili, inapita kila mlango toka juu mpaka chini ikiuliza: ni weye? ni weye? Ikikuta jina lile lile, herufi kwa herufi, inarudi na bloki na namba. Ikikuta Zihindura fasi ya Zihindula, inapita. Ukiacha nafasi tupu nyuma ya jina, tupu ambayo hata jicho halioni, inapita vilevile. Na ikimaliza milango yote bila kupata, inaandika alama yake: diyezi, ile alama ya reli, halafu N, mstari wa mshazari, A.

Basi asubuhi moja karatasi ikabandikwa ukutani. Wanaume, isipokuwa wale wa chini kabisa, walikuwa na A, na B, na F. Wanawake, mmoja baada ya mwingine, wakawa na #N/A.

Sijui nani alianza. Nadhani ni Mama Riziki, maana sauti yake ndiyo inayotangulia daima. “Bamama, tumepewa fasi moja. Sisi wote tuko Bloki N.” Vigelegele. Walifurahi kwamba watakuwa majirani, karibu hakuna mwanaume katikati. Siku ile ile walipanda kule juu na majembe na mbegu za maboga. Walimkuta fundi anayepiga vigingi.

“Bloki N iko wapi, baba?”

“Hapa bloki zinaishia F.”

“Sisi yetu ni N, mustari, A.”

Yule fundi akavua kofia, akajikuna. “Labda mutaijenga ninyi wenyewe,” akasema.

Walishuka na mbegu zao. Jioni kukawa na mkutano, na Sekretere akasimama kueleza. Kumbe kulikuwa na kosa jingine hata kwa wanaume wa mwisho wa karatasi. Ukivuta ile hesabu ya kutafuta kwenda chini, liste ya pili nayo inateleza chini, inaacha majina ya juu nje. Ili isiteleze, unaifunga na alama ya dola. Ndicho alichotaka kusema. Alichosema ni hiki: “Wapenzi, kosa ni langu. Nilisahau dola. Hii kazi bila dola haiendi. Kesho naweka dola na wa chini wote watapatikana.”

Watu wakapapasa mifuko. Hapa neno hilo halihitaji kuelezwa.

Kesho yake saa moja asubuhi Mama Riziki alikuwa mlangoni kwake, amefunga noti ya dola tano kwenye pembe ya kitenge. Nyuma yake walikuwa wengine. Sekretere alitoka na mswaki mdomoni, akaona noti, akaelewa polepole. Mtu ambaye hajawahi kula senti ya mtu alikaa kwenye kizingiti, povu la dawa ya meno kwenye kidevu, akasema, “Ni alama tu, mama. Ni alama tu.” Mama Riziki akasema, “Ndiyo, na sisi tumeleta alama.” Alikula aibu siku ile, nami nilicheka. Nilimhurumia baadaye, si mbele yake.

Akaweka dola zake kwenye mashini. Wanaume wa chini wakapatikana. Wanawake, hapana.

Watu wa shirika wakamwambia hawapokei karatasi yenye makosa. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo sikumsamehe mpaka tulipofika hapo ninapotaka kufika. Alikwenda mjini kwa mtu anayefundisha mashini, akarudi na dawa. Dawa ina jina la Kifaransa, SIERREUR. Unaiambia mashini: ukikosa mtu, usiandike kosa; andika neno nitakalokupa. Na kwenye fomu ya shirika maneno ya kuchagua yalikuwa matatu tu: amepewa, amekufa, amehama.

Alinieleza uchaguzi wake bila haya. “Amekufa ni neno baya, mama. Nikachagua la heshima.”

Karatasi ya pili ikabandikwa. Safi kama shuka ya hospitali. Hakuna diyezi hata moja. Mama Riziki: AMEHAMA. Mama Furaha: AMEHAMA. Mama Nabintu: AMEHAMA. Na chini kabisa, kwa herufi nyekundu: parsele ambazo wenyewe hawatatia dole gumba karatasini ifikapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi zitapewa wengine.

Nilimshika Mama Nabintu mkono tukaenda. Sekretere alikuwa amekaa nje, mashini magotini, waya ukienda mpaka kwenye paneli ya jua juu ya bati.

“Sekretere,” nikasema, “huyu ni nani?”

“Si ni Mama Nabintu? Karibu, mama.”

“Amehama kwenda wapi?”

Akageuza mashini tuione. “Mashini haikumupata.”

“Weye umemupata?”

“Minye si kitu hapa, mama. Mashini haina ndugu.” Kisha, na hili alilisema kwa furaha ya kweli, kama mwanafunzi anayeonyesha daftari, “Lakini muone sasa, haiko hata kosa moja.”

Mama Nabintu alikuwa amesimama mbele yake. Alijitazama mikono, pande zote mbili, kama anayehakikisha. “Bloki C, kumi na ine,” akasema. “Nilichota mwenyewe.”

“Inawezekana, mama,” akasema Sekretere. “Lakini Mama Nabintu haikuchota.”

Hakulia. Ningependa angelia, au angemtukana. Matusi ninayo mengi ningemwazima. Tulirudi nyumbani. Wiki ile alipepeta mchele wangu, akafua mablangeti yangu, akafagia mpaka kwa jirani. Alhamisi nikamkuta amefunga mzigo. Binti yake mdogo ameolewa Kiliba.

“Yaya,” akasema, ndivyo anavyomwita dada mkubwa, “nimekaa kwako miezi munane. Nilikuwa nahesabu siku kwa ile namba. Sasa karatasi imesema nimehama. Afazali nihame kweli, nisiwe muongo.”

Simu yake ilikwenda na maji, hakuwahi kupata nyingine. Nikamsindikiza mpaka kwenye moto. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nilirudi moja kwa moja kwa Sekretere. Sikuketi.

“Nikuulize kitu kimoja tu. Mama mukwe wako alihama lini?”

Akacheka. “Mama mukwe? Iko hapo Nyamianda, jana nilimupelekea samaki.”

“Nyumba yake si ilibomoka?”

“Ilibomoka.”

“Liste inasema je?”

Akashusha macho kwenye mashini. Akatafuta. Nilikuwa nimeshaisoma karatasi ukutani, kidogo kidogo, kwa kidole, kama nilivyofundishwa kabla hawajanitoa shule. Mama Esta: AMEHAMA. Nilimwona anavyofika hapo. Uso wake ulibadilika kama maziwa yaliyotiwa ndimu.

“Tafuta jina lake la karte,” nikasema.

Akaweka vidole juu ya herufi, akavitoa.

“Tafuta, baba. Mashini inataka herufi kwa herufi.”

Hakulijua. Miaka zaidi ya thelathini amemwoa Esta, na kwetu mkwe hataji jina la mama mkwe. Anaita Mama, anapita kando ya njia, basi. Siku ya kuchota, wakati yule mama alipofika na karte yake, Sekretere mwenyewe alikuwa amesimama kwa heshima, akatazama ukuta, na kazi ya kuandika akampa mwingine. Alikuwa amemhamisha mama mkwe wake kwa sababu ya adabu.

“Kashindi Feza,” nikasema.

Akatazama chini. “Usilitaje mbele yangu, mama.”

“Basi liandike.”

Akaandika, midomo imefungwa kabisa, kama anayepita kwenye moshi. Mashini ikapita mlango kwa mlango, ikarudi na Bloki D, mbili.

Hapo ndipo nilipoketi. Nikamwambia atoe ile dawa yake. “Kosa likionekana unajua fasi ya kukwangua. Weye umeweka shuka juu ya kidonda.” Akabishana kidogo, kwa ajili ya heshima, kisha akafuta SIERREUR. Diyezi zikarudi zote, karatasi nzima ikaota upele. Tulianza wa kwanza. Yeye anasoma, mimi nafungua masanduku.

“Mama Riziki.”

“Nyota Maliamu. Na uliandika weye, kwa hiyo ni Maliamu, si Mariamu.”

“Mama Furaha.”

“Yupi? Kuna wa kwenye kona, Sifa, na kuna wa kwa fundi wa viatu, Zawadi. Uliwaandika mutu mumoja.”

“Mama wa mapacha.”

“Huyo ni Bulungu Ester, na alikataa kuitwa kwa mapacha tangu mmoja alipokufa. Andika safu pembeni, baba. Jina la njiani upande huu, jina la karte upande ule. Mashini itembee na la karte.”

Siku nne. Kila jina lililopatikana alisema “iko” kwa sauti ndogo. Mara mbili jina lilikuwa sawa na mashini ikakataa, akakuta ile nafasi tupu nyuma, akaifuta kwa kidole kimoja, akanitazama kama mtu aliyekutwa na jambo. Nilisema mambo mengine mengi siku zile, hilo nililiacha.

Ijumaa, shirika lilipokwisha kupokea karatasi mpya, siku moja kabla ya dole la mwisho, alikuja kwangu mwenyewe. Sikumbuki kama aliwahi kuja bila kuitwa. Alikuwa na karatasi mpya kwenye bahasha ya nailoni, na hakukaa.

“Mama Nabintu iko wapi? Bloki C, kumi na ine. Alikuwa anasema kweli.”

“Amehama,” nikamwambia.

Nilimwacha asimame na neno lake. Aliligeuza mdomoni. Kisha akauliza, “Amehama kwenda wapi?”

“Kiliba, kwa binti yake. Upande sijue.”

Akavua ile kle shingoni, akaiweka juu ya meza yangu pamoja na watu wote wa mtaa, akaenda kupanda moto. Yeye aliyesema barabara ina mashimo.

Saa tisa simu yangu ililia. Nilisikia upepo, kuku, na watu wa barabarani.

“Hapatikani, mama.”

“Umetafuta wapi?”

“Kote. Kwa shefu, kwa kanisa, kwa soko. Nimeuliza kila mulango. Hakuna anayemujua.”

“Umemuuliza nani?”

“Zihindula Mapendo. Kama vile iko kwa karte.”

Nikaweka simu chini ya kitenge nipumue. Nikairudisha sikioni. “Sekretere. Kiliba nani ameona karte yake? Uliza Mama Nabintu. Wa Uvira, mwenye pengo, anayecheka kabla ya kusalimia.”

Kisha nikasikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa miaka yote niliyomjua: Sekretere anapaza sauti njiani, bila karatasi, besi ile ya misibani.

“Mama Nabintu! Ni nani anajua Mama Nabintu?”

Mtoto akajibu kitu. Mwanamke akajibu kitu kingine, karibu zaidi. Hatua, mlango wa bati ukikwaruza chini, Sekretere akihema kwenye sikio langu.

Kicheko kikatangulia.